Wakala wetu wa AI anawajibu abiria wa Mombasa kwa sheria ya Ulaya. Mnatumia chombo gani kutafutia vifungu?

BintiMwembeTayari (Mombasa)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo.

Ninaandika programu kwa kampuni ndogo ya mabasi, Mombasa hadi Tanga hadi Dar. Mimi na kijana mmoja wa mitambo ndio idara nzima ya kompyuta. Tangu mwaka jana tuna wakala wa AI anayejibu abiria kwenye WhatsApp: basi latoka saa ngapi, begi la pili ni pesa ngapi, tiketi yabadilishwa vipi. Nikisema wakala hapa nina maana ya programu, si yule wa kaunta ya tiketi. Kwa kazi hiyo sina neno naye.

Taabu ilianza na mama mmoja aliyesafiri nasi kwenda Tanga. Wiki moja baadaye akaanza kupigiwa simu na mwanamume asiyemjua, akimtajia jina lake lote na siku aliyosafiri. Mama akatuandikia: nipeni kila kitu mlichoandika juu yangu. Wakala akamjibu kwa adabu kwamba "kwa mujibu wa sheria" atapata jibu ndani ya siku 30. Mama wa watu akangoja. Zilipopita siku ishirini na kitu akaja ofisini mwenyewe, pamoja na mpwa wake anayesoma sheria. Yule kijana alifungua simu akamwonyesha meneja Kanuni za Jumla za Ulinzi wa Data za mwaka 2021: mtu akiomba kuona data zake, ajibiwe ndani ya siku saba, tena bila malipo. Ule mwezi mmoja ni wa GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya, Ibara ya 12. Mama huyu hajawahi hata kufika Ulaya.

Niliitwa. Nilimwomba msamaha mama yule mbele ya meneja na nikamtolea rekodi zake siku hiyo hiyo. Alizipokea, akanishika mkono, akasema, "Mimi nilitaka kujua tu ni nani aliyetoa nambari yangu." Sijaisahau sauti yake.

Usiku ule nikakaa na wakala, nikamuuliza maswali mengine na kila jibu nikalifuata ndani ya sheria yenyewe. Nilimuuliza faini ya juu ambayo Kamishna wa Data wa Kenya aweza kutoza. Akasema shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, lolote lililo kubwa. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 chasema lililo dogo. Hilo la kubwa ni la Ulaya tena, ambako ni yuro milioni 20 au asilimia 4. Nikamuuliza kuhusu wanafunzi, maana kila shule zikifungwa twabeba watoto wa bweni. Akasema wa miaka 16 aweza kutoa idhini mwenyewe. Kwetu mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kifungu cha 33 chataka idhini ya mzazi au mlezi. Nikamuuliza: orodha ya abiria ikivuja tukiwa upande wa Tanga, twapaswa kuiarifu Tume ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndani ya muda gani? Akanijibu saa 72 bila kusita. Nikaisoma sheria ya Tanzania, sikuziona saa 72. Nimeona wajibu wa kuarifu bila kuchelewa.

Kilichoniogopesha si kukosea. Ni kwamba majibu yote, ya kweli na ya uongo, yalitoka kwa sauti ile ile ya mtu mwenye uhakika.

Nimejaribu mawili. Kwanza nilimwekea sheria yote ya Kenya mwanzoni mwa kila mazungumzo. Akapata afadhali, lakini bili ya mwezi ikapanda, majibu yakawa mazito, na nilipoongeza ya Tanzania akaanza kuchanganya vifungu vya nchi mbili. Pili nikazikata sheria vipande vya maneno 500, nikaviweka kwenye hifadhidata ya vekta, ile inayotafuta kwa kufanana kwa maana, ili avitafute mwenyewe. Faini bado anakosea!

Sasa naomba msaada. Nataka chombo ambacho wakala atakiita kila likija swali la data za mtu, kimletee sheria sahihi ya nchi sahihi. Kipo tayari? Kama ni kukiunda, nianzie wapi, na niunganishe kwa MCP, ile itifaki ya kuunganisha wakala wa AI na vyombo vya nje, au niandike API yangu mwenyewe, yaani mlango wangu wa programu kuulizana? Kampuni haina wakili wa kudumu. Ni mimi tu.

---

KaraniWaNgamiani (Tanga)

Marahaba mwanangu, na pole kwa siku ile ya kuitwa.

Kabla sijagusa kompyuta nilikuwa karani katika ofisi ya wakili hapa Tanga kwa miaka 14. Kila Gazeti la Serikali likiletwa, kazi yangu ilikuwa kukata kipande chenye marekebisho, kukibandika kwa gundi pembeni mwa kifungu kilichobadilishwa, na kuandika tarehe kwa penseli. Mkubwa wangu hakuwahi kuniuliza sheria inasemaje. Alisema tu, "Niletee kitabu, kifungu cha ngapi." Nikimletea kitabu ambacho kipande hakijabandikwa naye akaenda nacho mahakamani, aibu ingekuwa yake na kazi ingekuwa imenipotea mimi.

Chombo unachokitafuta ni karani yule. Wakala wako akae mahali pa wakili. Karani haulizwi maoni. Analeta ukurasa ulio sahihi, wenye tarehe, na kama ukurasa haupo anarudi mikono mitupu na kusema haupo. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakiunda chombo ambacho nacho kina modeli ya AI ndani yake: wakala anauliza, chombo kinafupisha sheria kwa maneno yake, wakala anafupisha tena ule muhtasari. Ukifika kwa abiria, maneno ya Bunge hayapo tena. Chombo kirudishe maneno ya kifungu kama yalivyoandikwa.

Kosa la faini naamini nimeliona. Unakata kwa idadi ya maneno, na msumeno wako haujui kifungu kinaanza wapi. Kifungu cha 63 kimebeba milioni tano, kikabeba asilimia moja, na neno linalogeuza mambo likakaa mwisho kabisa. Likiangukia kipande cha pili, modeli inapewa mwili bila mkia. Haitasema mkia umekatika, itaujaza kwa kumbukumbu. Na kumbukumbu yake ya mambo haya imejaa GDPR, kwa kuwa tangu sheria ile ianze kutumika tarehe 25 Mei 2018 imeandikwa na kutafsiriwa na kufafanuliwa kila kona ya intaneti, wakati Kanuni za Kenya za 2021 wamezizungumzia wachache. Ndiyo maana makosa yako yote manne yanaelekea upande mmoja. Nenda kakague kipande chako, nadhani utakuta "lililo dogo" limebaki nje.

Kata kwa kifungu, basi. Kifungu kimoja, rekodi moja, hata kama kimoja kina mistari mitatu na kingine kina kurasa mbili. "Isipokuwa" isitenganishwe na kile inachokiondoa. Na kila kifungu kitoke pamoja na tafsiri ya maneno yaliyomo, ile ya mwanzoni mwa sheria, kwa sababu neno kama "taarifa binafsi nyeti" halina maana ya mtaani, lina maana iliyowekwa.

Kukata kwenyewe huna haja ya kukufanya kwa mkono. Kenya Law, na TanzLII kwa upande wetu, wanachapisha sheria zilizowekewa alama kwa muundo wa Akoma Ntoso. Ni XML, maandishi yenye alama ambazo kompyuta inazisoma, iliyozaliwa kwenye mradi wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mabunge ya Afrika, jina lake ni la Kiakan lenye maana ya mioyo iliyoungana, na mwaka 2018 OASIS, shirika la viwango vya kompyuta, waliupitisha kuwa kiwango cha kimataifa. Tazama anwani ya Sheria yenu ya Ulinzi wa Data: /akn/ke/act/2019/24. Isome kama mtu: Kenya, sheria, mwaka 2019, namba 24. Mbele yake inakuja lugha, kisha tarehe ya toleo. Siku nilipoielewa ile tarehe nilinyamaza kidogo. Ni kile kipande changu cha gundi, sasa kimo ndani ya anwani. Tafadhali usiende kuchota kurasa zao maelfu kwa roboti usiku; Laws.Africa, wanaoweka sheria za Afrika mtandaoni, wana API kwa kazi hii, waandikie.

Tarehe uipe uzito. Kwetu Bara, sheria uliyoisoma ilitungwa kama Na. 11 ya mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tangu tarehe 1 Julai 2025 tunatumia Toleo la Urekebu la mwaka 2023, nayo inatajwa kama Sura ya 44. Mtu akiuliza kwa jina la zamani, chombo kimpeleke kwenye toleo jipya na kimwambie hivyo. Kila jibu liwe na vitu vitano: jina la sheria, namba ya kifungu, maneno yenyewe, tarehe ya toleo, na siku ambayo wewe mwenyewe ulikagua mara ya mwisho kwamba halijabadilika. Hicho cha mwisho watu wengi hawakiweki. Mimi ndicho ninachokitazama kwanza.

Nchi iwe lazima kujazwa, isiruhusiwe kuwa tupu. Na usiikisie kwa namba ya simu: abiria wa +254 anaweza kuwa amekatia tiketi Tanga. Wakala amuulize. Ukianza kupeleka watu kwenye boti za Unguja utanikumbuka, kwa maana sheria hii inafika Zanzibar kwa mambo ya Muungano tu, hivyo "Tanzania" peke yake haitakutosha.

Sasa lugha, ambayo ndiyo iliyonitesa kuliko yote. Abiria wako anauliza kwa Kiswahili, sheria ya Kenya iko kwa Kiingereza, ya Tanzania ipo kwa Kiswahili, tena Kiswahili chenye maneno yake. Kenya mnasema data, sisi tunasema taarifa binafsi. Anayeamua taarifa zitumike vipi, kwetu ni mkusanyaji; wakala wako akitafuta mdhibiti hapati kitu. Na injini ya kutafuta iliyozoea Kiingereza haielewi kwamba mkusanyaji, wakusanyaji, ukusanyaji, zilizokusanywa na asizikusanye ni ukoo mmoja. Inaona maneno matano yasiyojuana, kwa kuwa Kiswahili kinabadilika mbele ya neno na yenyewe imefundishwa kukata nyuma. Nilikaa wiki mbili nikiandika jedwali: mzizi upande mmoja, sura zake upande wa pili, na neno la sheria ya kila nchi upande wa tatu. Utafutaji wa vekta unasaidia, usiutupe, lakini uende sambamba na jedwali hilo.

Kuhusu MCP: tumia. Ni itifaki iliyotangazwa na Anthropic Novemba 2024, inatumia JSON-RPC (namna ya programu kuitana kwa ujumbe wa maandishi), na faida yake kwako ni kwamba ukiandika seva mara moja, wakala wa WhatsApp na yule mtakayempa mhasibu kesho wataitumia hiyo hiyo. Weka zana mbili, zisizidi: moja ya kutafuta, inayorudisha anwani na vichwa vya vifungu, ya pili ya kusoma, inayorudisha kifungu kizima. Kaa sana kwenye maelezo ya zana, maana modeli huyasoma hayo ndipo iamue kuita au kutoita. Yangu yanasema: "Tumia kila swali linapogusa haki za mtu juu ya taarifa zake, muda wa kujibu, faini, idhini, watoto au uvujaji, hata kama unadhani unajua jibu." Sehemu ya mwisho hiyo ndiyo iliyobadilisha mambo.

Na kisipopata, kirudishe sentensi kamili: "Hakuna kifungu kilichopatikana kwa nchi hii. Usijibu kwa kumbukumbu. Mpeleke abiria kwa mtu." Ukirudisha orodha tupu, modeli itadhani imepewa ruhusa.

---

AfisaData_Nrb (Nairobi)

Dadangu, kazi yangu ni afisa wa ulinzi wa data, na kabla hujaandika mstari mmoja nataka uangalie kitu ambacho mzee wetu hapo juu hajakigusa. Wakala wako ataandika nini ndani ya utafutaji?

Niliwahi kukagua mfumo wa aina hii. Kwenye kumbukumbu za seva, yaani rekodi za kila kilichoulizwa, nilikuta maulizo kama "je, tunaweza kumnyima tiketi fulani bin fulani, kitambulisho namba hii, ana ujauzito wa miezi minane". Chombo cha kutafuta sheria kilikuwa kimegeuka ghala la siri za watu, tena bila mwenyewe kujua. Kifungu hakihitaji jina la mtu ili kipatikane. Kwa hiyo funga mlango kwenye zana yenyewe: nchi iwe chaguo kutoka kwenye orodha, mada iwe chaguo kutoka kwenye orodha, maneno ya kutafuta yasizidi kumi, na chochote chenye umbo la namba ya simu au kitambulisho kikataliwe. Kama seva ni ya mtu mwingine, au modeli inakaa nje ya Kenya, hilo lenyewe ni uhamishaji wa data, usome vifungu vya 48 hadi 50.

Pili, sheria haikai kwenye Sheria peke yake. Zile siku saba zilizowaumbua haziko kwenye Sheria ya 2019, ziko kwenye Kanuni. Pakia Kanuni zote tatu za 2021: za Jumla, za Usajili, na za Malalamiko. Kisha maamuzi ya Kamishna. Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ukisoma kifungu cha 33 kikavu unaelewa sheria. Ukisoma uamuzi ule ndipo unaelewa kwamba picha ya wanafunzi wakipanda basi, ile ambayo mtu wa matangazo ameipenda, ni jambo la kusimamisha kwanza. Lakini maamuzi yaandikiwe wazi kuwa ni maamuzi, yasichanganywe na maneno ya Bunge.

Tatu, mtego ambao utakutana nao: siku 30 ipo Kenya. Iko kifungu cha 38, haki ya mtu kuchukua data zake na kuzihamishia kwingine. Ukitafuta kwa kufanana, swali la "nipeni data zangu" linaweza kuleta cha 38 kabla ya Kanuni. Halafu wakala atajibu siku 30 na safari hii atakuwa na kifungu cha kukutajia.

Na nambari ya mama yule iliyovuja, mliripoti? Kama kulikuwa na hatari ya kweli ya madhara kwa mama yule, na mimi naona ilikuwepo, kifungu cha 43 kinawapa saa 72 tangu mlipojua. Msingoje chombo kikamilike.

---

MzawaWaKisauni (Hamburg, Ujerumani)

Nami niongeze kidogo kutoka huku, kwa kuwa nimeona GDPR inataka kufukuzwa kabisa. Usiitoe kwenye chombo, dada. Mimi nikija likizo hukata tiketi yenu ya Tanga nikiwa bado Hamburg. Je, hapo sheria ya Ulaya inawafikia? Ibara ya 3 inasema inamfikia asiye na ofisi Ulaya kama anawauzia huduma watu walioko Ulaya, na aya ya 23 ya utangulizi inafafanua kwamba tovuti kufunguka tu huku haitoshi, linalotazamwa ni kama mmekusudia wateja wa huku, kwa mfano kwa lugha na sarafu. Ninyi mnaandika Kiswahili na Kiingereza na mnapokea shilingi. Kwa maoni yangu haiwafikii, ila siku mtakapoweka bei kwa yuro na tangazo la Kijerumani, hesabu itabadilika.

Chombo kikiwa nayo, wakala ataweza kusoma Ibara ya 3 na kujizuia. Kisipokuwa nayo, atarudi kwenye kumbukumbu, na humo ndimo GDPR ilimokuwa inamtoka. EUR-Lex, hazina ya sheria za Ulaya mtandaoni, wana anwani za kudumu kwa kila sheria ya Ulaya, hii ni 2016/679.

---

BintiMwembeTayari (Mombasa)

Shikamoo mjomba, na nyote asanteni sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Afisa, swali lako la mwisho nilianza nalo. Nilikwenda kwa meneja asubuhi iliyofuata na tukaandika taarifa kwa Ofisi ya Kamishna, tukaeleza na kuchelewa kwetu. Tulipofuatilia tukakuta haikuwa kompyuta. Orodha ya abiria huchapishwa nakala kwa ajili ya mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, na moja ilikuwa ikiachwa juu ya dashibodi hadi safari inayofuata, majina na nambari za simu juu. Sasa yarudishwa ofisini kwa bahasha na kondakta aweka sahihi. Nimempigia mama yule mwenyewe kumweleza.

Mjomba, nilikwenda kutazama kipande cha kifungu cha 63. Kilikuwa kama ulivyosema: kimekatika kabla ya maneno ya mwisho. Nilikaa nikikitazama tu. Miezi miwili nilikuwa nabadilisha maagizo ya wakala, namwambia awe mwangalifu, asikisie, kumbe mimi ndiye niliyemkatia sheria.

Nimeandika seva yenye zana mbili. Nchi ni chaguo la lazima: Kenya, Tanzania Bara, Zanzibar, Umoja wa Ulaya. Kila kifungu kina rekodi yake. Nimepakia Sheria, Kanuni zote tatu, ya Tanzania kwa Kiswahili chake, na GDPR. Niliandika maswali 40 pamoja na majibu niliyoyahakikisha kwa macho yangu, nayapitisha kila nikibadilisha kitu. Faini sawa. Watoto sawa. Uvujaji wa Tanga sasa hasemi saa, asema bila kuchelewa na ataja kifungu. Mtego wa kifungu cha 38 ulininasa mara mbili kabla sijaweka mada ya "kuona" mbali na ya "kuhamisha". Kuhusu majina ndani ya utafutaji, zana yakataa nambari yoyote yenye tarakimu zaidi ya nne, na siku ya kwanza tu ilikataa maulizo sita. Sita, ambayo yangekaa kwenye kumbukumbu za seva.

Maswali ambayo hakupata kifungu amesema hakupata, akayaleta kwa binti wa ofisi. Meneja aliuliza kama hiyo si hasara. Nikamwambia ndiyo kazi yenyewe.

Nililobaki nalo ni jedwali. Mjomba, lako limeanzia kwenye maneno ya sheria. Mimi nimepitia ujumbe wa abiria wa miezi mitatu, na hakuna hata mmoja aliyeandika "taarifa binafsi". Wanaandika hivi, na vifungu ninavyotaja ni vya Sheria ya Kenya:

"Nambari yangu mmeitoa wapi?" Nimeipeleka kifungu cha 29, wajibu wa kumjulisha mtu wakati wa kukusanya.

"Mnajua nini juu yangu?" na "nionyesheni mlichoandika". Kifungu cha 26 pamoja na Kanuni ya kuona data.

"Nitoeni humo", "nifuteni", "sitaki jina langu likae kwenu". Kifungu cha 40.

"Mumekosea jina, pasipoti yasema vingine". Kifungu cha 40 pia, upande wa kusahihisha.

"Mbona mwanitumia matangazo?" Kifungu cha 37, matumizi ya kibiashara.

"Msimpe mtu." Hii imeandikwa mara nyingi kuliko zote, hasa na wanawake wanaosafiri peke yao, na ndiyo niliyoshindwa kuipatia mahali.

---

KaraniWaNgamiani (Tanga)

Mwanangu, jedwali lako ni bora kuliko langu, na nitaomba ruhusa nilichukue.

"Msimpe mtu" usiitafutie mahali pamoja. Ilete kifungu cha 25, kwenye misingi, palipo na haki ya faragha; na cha 36, haki ya kupinga matumizi. Vyote viwili vitoke kwa pamoja, na mada yake uiandike kwa maneno yale yale waliyoyaandika wao. Halafu iwekee alama kwamba kila ikitokea, mtu wa ofisi apigiwe papo hapo. Mwanamke akiandika hivyo usiku yuko njiani, anayeihitaji sheria ni kondakta wenu, na wakala hana mkono wa kumfikia.

Nitumie na zile za upande wa Tanga ukizipata. Huku wanasema "msinitangaze".